Nusu Iliyomezwa na Mashine

Wanangu, mwezi haupiti bila kijana mmoja wenu kunipigia simu. "Shikamoo Bi Rukia. Tumepata mashine ya kudurufu ya zamani, nzima kabisa, ila kompyuta yetu ni mpya. Je, zaweza kuungwa?" Nami humwitikia marahaba, nikamwambia zaweza, njoo nikueleze. Akija humweleza yote, anunue waya gani na abonyeze wapi, kisha humweleza na habari ya Sidi. Hapo wengine huanza kutazama saa. Sasa nimestaafu, magoti yananiuma na nimechoka kurudia yale yale, basi nimeamua kuandika. Anayetaka habari ya waya peke yake na aende dukani akaulize.

Sidi alikuwa mtoto wa kike wa miezi minane, huko bara, njia ya Vitengeni. Alikufa kwa karatasi niliyoichapa mimi. Nalisema hilo mapema msije mkadhani hizi ni porojo za bibi wa Malindi anayepunga upepo barazani.

Kazi yangu niliifanya miaka mingi katika ofisi moja hapa mjini, chumba cha nyuma, dirisha moja, na feni iliyozunguka ikipenda. Karatasi zote zilipitia kwangu: mitihani, matangazo, fomu, ratiba za mazishi. Watu wangu ni wa visiwani, na nyumbani hawakuipenda kazi hii. Mamangu mpaka anakufa alikuwa akiwaambia majirani kwamba mimi ni karani, maana aliona haya kusema kuwa mwanawe wa kike ni fundi wa mashine, tena mwenye kucha nyeusi kwa wino siku zote hata Idi.

Aliyenifundisha ni Mzee Katana, Mgiriama wa Matsangoni, mrefu, mkali, mtu wa kanisa. Zama hizo tukitumia stensili, ile karatasi ya nta unayoipiga taipu mpaka herufi zikatoboka, kisha ukaivisha ngoma ya mashine na kuzungusha kwa mkono, wino ukapenya. Ukikosea wapaka dawa nyekundu, waipuliza ikauke, wapiga tena juu yake. Mapafu yangu yamekula ile dawa mpaka leo nikikohoa nadhani naisikia.

Siku moja nilipiga tangazo la mkutano. Nilikusudia kuandika, "Wazee wote wanaombwa wafike saa tatu asubuhi bila kukosa." Herufi mbili zikanitoroka. Karatasi zikatoka, zikasambazwa, zikabandikwa mpaka Sabaki: "Wazee wote wanaombwa wafe saa tatu asubuhi bila kukosa." Siku ya mkutano, saa tatu kamili, mzee mmoja wa Sabaki akaingia chumbani kwetu na bakora yake.

"Mwanangu," akaniambia, "nimekuja kufa. Nionyeshe pa kulala."

Ofisi nzima ilicheka. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akatafuta kiti. Asiyecheka ni Mzee Katana. Alingoja mgeni wetu aende zake, akafunga mlango, akanipa sheria. Tangu leo, karatasi haitoki chumba hiki mpaka watu wawili waikalie. Mmoja ashike asili, mwingine ashike ile ya kwanza iliyotoka mashineni, na huyo wa pili asome kwa sauti, kila neno, kila nukta, kila tarakimu.

"Macho ni mavivu, Rukia," akasema. "Husoma yanachokitarajia. Sikio halina akili hiyo."

Jambo hilo tuliliita kusomeana. Tulisomeana miaka na miaka. "Mkato. Fungua mabano. Tisa. Funga mabano. Nukta." Waliopita nje ya dirisha walidhani twasoma uradi. Kuna mwalimu mmoja alinifokea kwamba nimemchelewesha nusu saa kwa upuuzi, na katika nusu saa hiyo tuligundua kwamba mtihani wake una swali la saba mara mbili na hauna la nane. Hakuniomba radhi.

Mzee Katana alistaafu, kisha akafariki, Mungu amlaze pema. Stensili nazo zikafa. Ikaja mashine ile mnayoniulizia nyinyi, ya kioo. Waweka asili yako juu ya kioo, yenyewe yaipiga picha, yajikatia masta, yaani stensili yake yenyewe, yajivisha ngomani, na kabla hujameza mate zimetoka karatasi mia. Niliipenda. Niliifungua na kuifunga mara nyingi hata nikaijua kwa mlio. Ikilia kama mtu anayesafisha koo, karatasi zimeshikana kwa unyevu. Upepo wetu wa bahari huingia kwenye ribota ya karatasi usiku mmoja tu, basi asubuhi ipepete ribota hiyo pembe zote nne kabla hujailisha mashine. Na usiwe mchoyo wa kusugua vyuma vya nyuma kwa raba ya kufutia penseli, maana chumvi ya hewa hii hula shaba polepole, nawe utalaumu waya bure.

Haya, tuje kwenye waya.

Mashine hiyo nyuma ina tundu pana la meno mengi. Kompyuta za leo hazina tundu hilo, zina kitundu chembamba tu. Kwa hivyo utahitaji waya wa kati, upande mmoja mwembamba, upande mwingine mpana. Usinunue ule wa bei ya kutupa, hauna akili ndani, na usizidi mita mbili. Chomeka mashine ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, kompyuta itakwambia haiijui, na hiyo ni kweli, kwani walioiunda hiyo kompyuta walikuwa bado shuleni mashine hii ilipotoka kiwandani. Hapo ndipo ujanja unapoingia. Unaidanganya. Unatafuta katika orodha ya kompyuta printa yoyote ya zamani inayozungumza lugha moja na mashine yako, unaichagua, kompyuta yaamini kwamba hiyo ndiyo iliyo mbele yake. Mimi ilinichukua siku tisa kuipata. Siku ya tisa niliandika jina langu kwenye laptopu, nikabonyeza, na ile mashine kongwe ikasafisha koo na kunitemea karatasi: RUKIA. Nilipiga vigelegele peke yangu. Mkubwa wa ofisi alikuja mbio akidhani pana harusi.

Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu. Vijana wa ofisini walikuwa wakiniita Bi Stensili, ati sijui kompyuta. Basi kuanzia siku hiyo nilitembea kifua mbele. Kiburi cha uzeeni ni kibaya kushinda cha ujanani, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kukukemea.

Katika mipangilio kuna mahali kompyuta inauliza: herufi zitoke wapi? Zitumwe na kompyuta kama picha, au mashine itumie herufi zake yenyewe ilizozaliwa nazo? Za kompyuta huja polepole. Za mashine huja upesi, nyeusi, zimenyooka. Nilichagua za mashine. Nilijaribu a mpaka z, nikajaribu moja mpaka sifuri, zote zikatoka kama ushanga. Nikasema basi, imekwisha.

Wanangu, chagueni picha. Hata kama itawachukua saa nzima, chagueni picha. Mashine ya zamani ina herufi zake chache ilizofundishwa, na ikiletewa alama isiyoijua haipigi kelele wala haisimami. Huacha nafasi tupu, ikaendelea na kazi.

Wiki ile ile ndipo alipokuja Sista Dama. Yeye alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo ya kijiji ambacho sitakitaja, mama wa makamo, mcheshi, aliyezoea kuleta kazi zake kwangu na embe mbili za kunihonga. Siku hiyo hakuleta embe. Mvua zilikuwa zimejaza visima takataka, watoto wanaharisha, na vile vipakiti vya chumvichumvi vya kuchanganya na maji vimemwishia. Alitaka karatasi za kugawa nyumba kwa nyumba, zieleze namna ya kutengeneza maji hayo nyumbani, na alizitaka mchana ule ule, gari lilikuwa likimsubiri. Ameiandika mwenyewe kwenye kompyuta ya mpwawe na kuitia kwenye flashi.

"Niichape kwanza huko nje, nikuletee ya kuweka kwenye kioo?" akauliza.

"Kioo cha nini?" nikamjibu. "Hayo ni mambo ya jana, Sista. Leta hiyo flashi uone."

Nikaiona karatasi yake kwenye laptopu. Herufi kubwa, safi, mistari michache. Nikabonyeza. Mashine ikatema. Niliishika ile ya kwanza, nikainyoosha mkono mzima kama mtu anayetazama kanga dukani, nikaona wino umekaa, ukingo umekaa, nikasema maridadi. Nikaweka mia tatu. Sista Dama akaichukua moja akaanza kuisoma kutoka juu.

"Wasoma nini sasa?" nikamwambia. "Si wewe uliyeandika? Imetoka kwenye kompyuta moja kwa moja, haikuguswa na mkono wa mtu. Kompyuta haikosei."

Akacheka, akaikunja, akaondoka. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi, niliyesomeana na Mzee Katana miaka yote ile. Nikiyakumbuka najipiga mdomo, kweli kabisa, najipiga kwa kiganja.

Siku ya sita alinipigia simu. Sauti yake sikuijua.

"Bi Rukia, ile karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Nisomee mstari wa chumvi."

Nikaisoma. "Maji safi yaliyochemshwa lita moja. Vijiko sita vya sukari. Kijiko cha chumvi. Koroga mpaka..."

"Rudia."

"Kijiko cha chumvi." Nikasema, "Si ndivyo?"

"Ni nusu, Bi Rukia. Kijiko nusu. Mimi niliandika nusu."

Nilikwenda kwenye laptopu. Sista Dama alikuwa ameandika moja, mkwaju, mbili, kama sote tunavyoandika nusu. Kompyuta ya mpwawe, kwa ujuaji wake, ikaigeuza yenyewe kuwa ile alama ndogo moja, ½, ya kupendeza. Mashine yangu haikuijua alama hiyo. Ikaacha nafasi.

Na hapa ndipo nilipokuja kuona kwamba hata lugha yetu ilinificha. Kiswahili hutaja kitu kwanza, hesabu ikafuata nyuma. Vijiko 6. Kijiko ½. Ingepotea ile sita, "vijiko vya sukari" vingekuuliza vyenyewe: vingapi? Mjinga angeona. Lakini ukiitoa nusu, "kijiko cha chumvi" hakikuulizi kitu. Ni sentensi kamili, nzuri, na kijiko ni kimoja. Sista Dama aliniambia aliitazama mara tatu ikiwa imebandikwa ukutani, muuguzi mzima, na mara tatu aliona sawa. Aliishtukia pale bibi wa nyumba ile aliposema, "Tulitia kijiko kizima, kama mlivyotwambia."

Nyumba hiyo ilikuwa nyumba ya Sidi. Chumvi ya kupita kiasi kwa mtoto mdogo aliyekwisha kukaukiwa maji mwilini ni sumu. Walimpa maji yale siku mbili mfululizo, kwa bidii, kama walivyoelekezwa. Mtoto akazidi kiu, wakazidi kumpa. Akaanza degedege, na kabla hawajamfikisha hospitali akafa mgongoni mwa mamake, Kadzo.

Wahudumu wa afya wa kijiji walipita nyumba kwa nyumba na kalamu nyekundu wakiandika NUSU, bila kueleza kwa nini. Hawakuzipata zote. Watoto wawili walikuwa wameyatapika maji hayo wakapona. Nyumba nyingi kina mama walikuwa wakiijua nusu tangu zamani, hawakuisoma karatasi kabisa, nami mpaka leo namshukuru Mungu kwa waliozipuuza karatasi zangu.

Mkubwa wa ofisi aliniita. Hakuwa mtu mbaya. "Bi Rukia," akaniambia, "daktari ameandika kuharisha. Mtoto alikuwa mgonjwa tayari. Hiyo habari ya mashine hakuna anayeijua ila wewe na Sista. Miezi minne, mama. Nyamaza ustaafu kwa heri."

Nami nilinyamaza siku tatu. Naziandika hapa kwa sababu ndizo zinazoniuma zaidi. Kosa lile la kwanza lilikuwa kosa, lakini zile siku tatu nilizichagua. Nilikuja kazini, nikapepeta karatasi, nikala mahamri yangu, nikarudi nyumbani.

Siku ya tatu, Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, Sista Dama alikuja mwenyewe. Hakukaa.

"Liko jambo jingine," akasema. "Aliyekoroga maji ni bibi yake mtoto. Wamwita Hawe Sidi, yaani Bibi Sidi. Mtoto alipewa jina lake, kwa desturi yetu, ndiye somo wake. Sasa watu wasema ati bibi amemla somo wake kwa uchawi apate kuishi yeye."

"Nani wasema?"

"Wote. Hata Karisa."

"Karisa ni nani?"

"Baba yake mtoto. Mwanawe huyo bibi, wa kumzaa."

Nilikaa kwenye ribota za karatasi.

"Bi Rukia, yule mama ana mvi kichwa kizima. Wajua huku kwetu mwenye mvi akisemwa hivyo hufanywaje."

"Najua."

"Ukoo wakaa kesho asubuhi. Na vijana wamekwisha kusema, huyo hatafika Jumapili."

"Wewe hukuwaambia ni karatasi?"

"Niliwaambia. Wakasema namtetea kwa kuwa mamangu naye ana mvi." Akanitazama, na embe zake na ucheshi wake vyote vimekwisha. "Mimi nimesema nililoweza. Iliyobaki ni yako."

Jumamosi alfajiri niliswali, nikaitia laptopu mkobani, nikaenda naye. Mkubwa wangu sikumuaga.

Tulikuta wanaume kama ishirini wamekaa kwenye viti na magogo uani, wanawake kando chini, na Kadzo kati yao, matiti yamejaa maziwa yakilowesha leso yake. Nyuma yao palikuwa na chumba kimoja cha udongo, na mlango wake umefungwa kamba kwa nje. Sikuuliza nani yumo.

Mzee wa ukoo alinikaribisha kwa adabu. Nikatoa salamu, nikasema mimi ni Rukia, natoka Malindi, ndimi niliyechapa karatasi ya maji ya chumvi, na karatasi ile ilikosea. Kijana mmoja akacheka.

"Huyu naye kalipwa na nani?"

"Mwacheni aseme," akasema mzee.

Karisa alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, macho mekundu, ameshika ile karatasi iliyobanduliwa ukutani kwake, bado ina udongo kwenye pembe. Nikafungua laptopu nikaiweka mbele yake.

"Baba, wewe wajua kusoma?"

"Nimefika kidato cha nne."

"Soma hapa. Hivi ndivyo Sista alivyoandika."

"Kijiko nusu cha chumvi."

"Sasa soma yako."

"Kijiko cha chumvi." Akainama, akasoma tena. Akapitisha kidole kwenye ile nafasi, pana kiasi cha punje ya mtama.

"Hayo ya kompyuta si mwaweza kuwa mmeyaandika jana usiku?" akasema yule kijana. "Nusu ni kitu cha kubonyeza."

Alisema kweli. Sista Dama ndiye aliyewageukia wanawake. "Mwenye karatasi yake ambayo sikuipata, naomba ailete." Mmoja akaenda nyumbani kwake akarudi nayo. Mwingine akaitoa ilikokuwa imefunikia mtungi. Karisa akaziweka tatu pamoja juu ya goti. Nafasi ilikuwa pale pale katika zote tatu, pana sawasawa.

"Ni nani aliyeichapa?" akauliza, ingawa nilikwisha kusema.

"Mimi."

"Hukuisoma?"

"Sikuisoma."

"Hata moja?"

"Hata moja, baba."

Nilidhani atanipiga, na naapa nilitamani anipige. Aliziweka karatasi chini taratibu, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Tulimsikia akilia huko. Hakuna mwanamume aliyeinua kichwa. Kisha mzee wa ukoo akasema, "Mfungueni," na yule yule kijana wa kubisha ndiye aliyekwenda kuifungua kamba. Fundo lilikuwa limekazwa, ikambidi atumie meno.

Hawe Sidi akatoka. Alikuwa mdogo, mkavu, mvi nyeupe kama pamba, kanga kiunoni, na mkono mmoja juu ya macho kwa ajili ya jua. Walikuwa wamemfungia tangu juzi. Nilipiga magoti pale uani mbele yake, nikamshika miguu.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mimi ndimi niliyemuua mtoto. Wewe huna kosa. Karatasi yangu ilisema kijiko, na kweli yake ni nusu. Nisamehe."

Alitaka kwanza Sista Dama amweleze kwa Kigiriama, pole pole, na Sista akamweleza. Kisha akaketi chini, pale pale mlangoni, tukawa tunaangaliana.

"Niliyaonja," akasema.

"Mama?"

"Yale maji. Mimi nimelea watoto tisa. Kabla sijampa muhoho, mtoto yule, niliyaonja, nikajua chumvi imezidi. Imezidi sana. Nikamwambia binti wa jirani anayesoma, hebu isome tena. Akasoma. Nikamwambia, mara ya tatu. Akasoma, ni kijiko." Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Nikasema basi. Mimi sikusoma. Waliosoma ndio wameandika."

Kadzo alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikusikia akija.

"Kumbe karatasi zakosea?" Hawe Sidi akaniuliza.

"Zakosea, mama."

"Na nyinyi mwazichapa mwajua hivyo siku zote?"

"Twajua."

Akamtazama mkwewe, akamtazama matiti yaliyolowesha leso, kisha akanirudia mimi.

"Mbona sisi hamkutwambia?"